Maswali Yenu: Mnyama Gani Anafaa Nyumba Yenu?

Shule zikifungwa, barua za safu hii huwa na ombi moja: watoto wanataka mnyama na wazazi hawajui wamchague yupi. Safari hii tumechukua barua saba. Wanaojibu ni madaktari wa mifugo wa safu hii pamoja na wafugaji tunaofanya nao kazi.

SWALI: Sisi ni wapangaji Tabata, Dar es Salaam. Nyumba ina vyumba vitatu, uwanja tunatumia pamoja na wapangaji wengine wawili. Mimi na mume wangu tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunarudi saa mbili usiku. Watoto wana miaka 4, 7 na 11, na dada wa kazi ndiye anayebaki nao. Wote watatu wamelishikia bango suala la mtoto wa mbwa. Tuwakubalie? *Mama wa watatu, Tabata*

JIBU: Mama, kwa ratiba hiyo mwenye mbwa atakuwa dada wa kazi. Basi yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla hata ya watoto. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hula mara nne kwa siku, akiwa macho hukojoa karibu kila saa, na hutafuna chochote kilicho chini: kandambili, waya wa chaja, miguu ya makochi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Dada anayepika, anafua na ana mtoto wa miaka minne mgongoni hana nafasi hiyo. Mkimchukua hivyo hivyo, mwisho wake tunaujua: atafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, atabweka mchana kutwa, wapangaji wenzenu watalalamika, na mwenye nyumba atawaambia mchague moja.

Sisi tungewapa paka, tena paka mkubwa wa mwaka mmoja hadi mitatu. Watu hukimbilia mtoto wa paka kwa sababu anapendeza, lakini mtoto wa miaka minne hubana anachokipenda, na paka mdogo hana pa kukimbilia. Paka mkubwa tabia yake inaonekana siku hiyo hiyo. Nendeni na watoto, kaeni sakafuni, msimwite. Anayekuja mwenyewe mkia ukiwa juu na kujisugua miguuni ndiye. Mnyanyue kidogo: akilegea mwili, vizuri; akikakamaa na kulaza masikio nyuma, mwacheni hata kama ana rangi nzuri.

Siku tatu za kwanza akae chumba kimoja, asionyeshwe nyumba nzima. Mpeni beseni la plastiki lenye upana wa sentimita 40 kwa 30 hivi, mchanga mkavu au maranda kina cha sentimita tano, mbali na sahani ya chakula. Paka wengi "wanaochafua nyumba" wana beseni ambalo halijasafishwa tangu juzi, au limewekwa pembeni ya chakula chao.

Chakula: paka wa kilo 4 anahitaji gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama iliyopikwa kwa siku, kwa milo miwili, au kama gramu 60 za dagaa wakavu waliolowekwa kutoa chumvi na mchanga. Ugali uwe wa kuongezea tu. Samaki mbichi kila siku si wazo zuri, kwani baadhi yao huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka hadi akaanza kuyumba. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi.

Mfungeni kizazi mapema. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mimba ni wiki tisa tu. Na tafadhali, dawa ya kupe ya mbwa isimguse: nyingi zina amitraz au permethrin, na permethrin humtia paka degedege hadi kufa. Panadol nayo ni sumu kwake, hata kidonge kimoja.

Kuhusu kazi, wa miaka 11 anaweza beseni na maji, wa 7 sahani. Wa miaka 4 apewe sheria moja tu: paka akila au akilala haguswi.

SWALI: Tulimnunulia kijana wetu mtoto wa mbwa kando ya barabara, muuzaji akaapa kwamba amechanjwa. Siku ya nne akakataa chakula, akatapika, akaharisha damu yenye harufu kali. Siku ya sita akafa. Mtoto hajanyamaza, tunataka kumletea mwingine wikendi hii. *Baba K., Nakuru*

JIBU: Pole sana, baba, lakini wikendi hii msilete. Dalili ulizoandika ni za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, na kwa kuwa ugonjwa huo hujionyesha siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, kuna uwezekano mkubwa alikuja nao kutoka kwa muuzaji. Sasa virusi viko kwenu. Vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni peke yake haiviui.

Chomeni matandiko aliyolalia. Sakafu ya simenti na vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, ndipo mpake jiki: kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, iachwe dakika kumi ikiwa mbichi, kisha suuzeni. Watu wengi humwaga jiki juu ya kinyesi na kuona wamemaliza. Uchafu huidhoofisha jiki kabla haijafika kwenye virusi. Kwenye udongo na majani haisaidii kitu, hapo mnategemea jua na muda.

Kwa hiyo anayefuata awe mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo, au mtoto wa mbwa aliyemaliza dozi zote na kupitisha wiki mbili baada ya ya mwisho. "Amechanjwa" haina maana bila tarehe. Dozi ya kwanza hutolewa wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama: ikiwa bado ina nguvu, inaiua chanjo kabla haijafanya kazi, na hakuna anayejua kwa macho itaisha wiki gani. Mtoto wa mbwa mwenye sindano moja ana kadi, lakini bado anaweza kufa kwa parvo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni nyingine, hutolewa kuanzia wiki 12 na kurudiwa baada ya mwaka.

Kadi halali ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, tarehe, saini na muhuri wa daktari. Karatasi ya daftari iliyoandikwa "chanjo OK" iacheni huko huko.

Mkimwona mbwa wenyewe, ombeni kumwona mama yake. Funueni mdomo: fizi ziwe na rangi ya waridi, zikiwa nyeupe ana minyoo mingi au homa ya kupe. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika ni minyoo. Angalieni chini ya mkia pawe pakavu. Pigeni makofi mkiwa nyuma yake, ageuke akisikia. Awe ametimiza wiki nane na meno yake yote ya utotoni yameota. Wauzaji wa barabarani hupenda kuuza wa wiki tano kwa sababu ndio wanaopendeza, na ndio wanaokufa.

Mbwa wa kienyeji, kwa maoni yetu, ndiye chaguo zuri kuliko anavyosifiwa. German Shepherd anayelishwa makombo na kufungiwa bandani huishia na nyonga mbovu na hasira, na bili yake ya daktari hailingani na ya mwenzake.

Na jambo ambalo kila mtoto mwenye mbwa lazima alijue: aking'atwa au hata kuparuzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa atabadilika. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa hautibiki.

SWALI: Binti yangu ana pumu. Tumesikia kuna paka wa manyoya mafupi wasiosumbua. Ni kweli? *Mzazi, Mwanza*

JIBU: Si kweli. Kinachowasumbua wenye mzio wa paka hakimo kwenye urefu wa manyoya. Kimo kwenye mate na vigaga vya ngozi, ambavyo paka hujipaka anapojilamba. Vinapeperuka, vinashika mapazia na nguo, na hubaki nyumbani miezi kadhaa baada ya paka kuondoka. Njiwa na ndege wa tunduni nao wana vumbi la manyoya linalochokoza kifua. Kwa mwenye pumu tunapendekeza samaki.

Lakini tuwe wazi: samaki wa kwenye bakuli la duara hufa, na chanzo huwa mkojo na kinyesi chake mwenyewe. Uchafu huo hutoa amonia, na bakuli la lita tano halina pa kuipeleka. Tafuteni tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, takribani lita 60. Likijaa, pamoja na vioo na kokoto, litapita kilo 75, kwa hiyo meza ya televisheni yenye miguu myembamba haifai. Liwe mbali na dirisha la jua, la sivyo maji yatageuka kijani.

Osheni kokoto bila sabuni. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24. Washeni pampu yenye sponji, kisha wekeni samaki watatu au wanne tu, guppy ni wagumu na wa rangi nzuri. Hapa ndipo wengi hukosea: wananunua kumi na tano siku ya kwanza na kuzika kumi wiki ya pili. Bakteria wanaoila amonia huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji. Mpaka hapo, badilisheni robo ya maji mara mbili kwa wiki, na chakula kiwe kidogo, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Baadaye robo mara moja kwa wiki yatosha. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Mkiiosha bombani mnaua bakteria wote na kuanza upya.

Umeme ukikatika, msiwalishe. Ukikatika muda mrefu, chukueni kikombe, choteni maji na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda ili yapate hewa. Na kabla ya kuwasha tena pampu, suuzeni sponji iliyooza.

Guppy wachukueni madume matupu, wenye mikia mikubwa. Jike mmoja huzaa kila baada ya wiki nne hivi na tangi halitatosha. Chakula cha unga akiweke mtu mwingine, si binti, kwa kuwa vumbi lake nalo linaweza kumwamsha kikohozi.

SWALI: Tunaishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na vibaka wamezidi. Mume wangu anataka mbwa. Mama mkwe anakaa nasi, ni mtu wa swala tano, na amesema mbwa akiingia yeye anatoka. Tufanyeje? *Mkamwana, Tanga*

JIBU: Dada, mama asipuuzwe, ni kwake pia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu ya mbwa wa ulinzi mwulizeni sheikh wenu, naye mama awepo akisikia. Sisi tunaweza kusema la ufugaji.

Ikikubalika, banda lijengwe upande wa lango, mbali na jiko, kamba za nguo na mahali pa kutilia udhu. Mbwa awe na sahani zake na ndoo yake, na njia ya mama ya kwenda msikitini au chooni isipite kwake. Mchana afungiwe kwenye ua wake mwenyewe wenye kivuli, usiku aachiwe. Mbwa wa mnyororo saa 24 halindi, anapiga kelele tu, na siku mnyororo ukikatika atamng'ata mtoto wa nyumbani. Mbwa wa kilo 20 apikiwe gramu 200 za unga wa mahindi, zipimwe zikiwa kavu, pamoja na gramu 100 za dagaa wakavu waliooshwa. Ugali mtupu humfanya mnene asiye na misuli. Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika vipande vyenye ncha, msimpe.

Isipokubalika, fugeni bata bukini. Hatutanii. Dume mmoja na majike wawili huamka kwa mlio wa kandambili na kupiga kelele mpaka jirani wa tatu aamke. Wanakula nyasi za uani, jioni mkawaongezea pumba kopo moja kila mmoja. Wanahitaji beseni la maji lenye kina cha kuzamisha kichwa chote, la sivyo macho na pua huziba. Usiku walale kwenye banda la wavu, vicheche wasiwafikie, banda likae panapoonekana lango.

Ubaya wao: kinyesi kila mahali, ugomvi na wageni wa heri, na dume wakati wa kuatamia hung'ata kweli. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano afikirie mara mbili. Na hawamzuii mwizi, wanawaamsha nyinyi.

SWALI: Kuna mtu ananiuzia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anaongea, bei nafuu. Anasema ametoka Kongo. Watoto watampenda. *Msomaji, Bukoba*

JIBU: Usimguse. Tangu mwaka 2017 kasuku huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Bei nafuu bila karatasi maana yake unanunua kesi. Ndivyo ilivyo kwa komba, tumbili, digidigi na kobe wa porini: ni wanyamapori, na kuwa nao bila kibali ni kosa. Halafu kasuku huyo anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na akiachwa peke yake mchana hujinyofoa manyoya hadi abaki na ngozi.

Wanunulieni badji wawili, wale kasuku wadogo wa kijani au buluu wanaozalishwa majumbani. Tundu lenye urefu wa sentimita 60, uwele au ulezi, mchicha uliooshwa. Parachichi ni sumu kwao, na moshi wa kikaango kisichoshika kikiungua jikoni unaweza kuwaua wote kwa dakika chache.

SWALI: Binti wa miaka 6 anaomba sungura wa kumbeba. Tuko Mbeya. *Baba Neema*

JIBU: Neno la hatari hapo ni "kumbeba". Sungura ni windo, na kunyanyuliwa kwake ni kukamatwa na mwewe. Atarusha mateke, na misuli yake ya nyuma ina nguvu kuliko uti wa mgongo wake. Akipiga teke vibaya au akianguka kutoka mikononi mwa mtoto anaweza kupooza. Kumshika masikio ndiyo kabisa. Tena muuzaji akikuambia "majike wawili", usimwamini: sungura wadogo ni vigumu kuwatambua jinsia, mimba ni siku 31, na mwezi unaofuata mna kumi.

Kwa umri huo tunapendelea simbilisi (guinea pig). Hatulii haraka, lakini akizoea hupiga mluzi akisikia mlango wa jiko. Wawe wawili wa jinsia moja, kwa kuwa mmoja peke yake huzubaa. Binti akae sakafuni, mkono mmoja chini ya kifua cha simbilisi, mwingine chini ya makalio, amweke kwenye taulo mapajani.

Tundu la ghorofa wanalouza sokoni huwa dogo. Pimeni mita moja kwa sentimita 60 ya sakafu, bila wavu chini, wavu unawaumiza nyayo. Mbeya mwezi wa Juni na Julai usiku ni baridi kali: kisanduku chenye nyasi kavu tele, na upepo usipite. Nyasi ziwepo muda wote, meno yao hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Tofauti na sungura, simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini. Robo ya pilipili hoho kila siku inatosha kwa mmoja. Akiikosa kwa wiki kadhaa huvimba viungo, hukataa kutembea, na watu hudhani amekanyagwa. Chakula cha kuku hakifai.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu. Mama anasema paka aondoke, ataharibu mimba. *Mume, Unguja*

JIBU: Mama hajasema bure, ila paka hana haja ya kufukuzwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa toksoplazimosisi, na mayai ya kijidudu chake hutoka kwenye kinyesi cha paka. Yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Basi wewe, kaka, usafishe beseni la mchanga kila siku, mke asiliguse hadi ajifungue. Bustanini avae glavu, kwa sababu paka wa jirani hawana beseni.

Paka apewe chakula kilichopikwa tu, asile nyama mbichi, na apunguziwe kuwinda panya. Na mle nyinyi nyama iliyoiva mpaka ndani: mishikaki yenye damu katikati na mchicha uliooshwa juu juu ni njia za kawaida za kuupata ugonjwa huu, hata kwa mtu asiye na paka. Kliniki ya wajawazito mwulizeni mkunga kuhusu kipimo cha damu. Akionekana aliwahi kuupata zamani kabla ya mimba, kwa kawaida mtoto yuko salama.